Gego la Mtoto Lililooza: Tazama Chini ya Fizi Kabla ya Kuamua

Mtoto akipanua kinywa ukaona tundu jeusi kwenye gego, umeona sehemu ndogo tu ya tatizo. Linaloamua kama jino hilo litazibwa, litavalishwa kofia ya chuma au litang'olewa limejificha mahali jicho lisipofika: katikati ya magego mawili yaliyobanana, ndani ya kiini cha jino, na kwenye mfupa ulio kati ya mizizi. Huko kunaonekana kwa picha ya eksirei. Mwongozo huu ni wako wewe mzazi au mlezi ambaye mtoto wako ana gego lililooza vibaya, nawe ungependa kujua picha hiyo hupigwa ya nini, hupigwaje, na uulize nini utakapoonyeshwa.

Tuanze na kauli inayowaponza watoto wengi: "Hilo ni la utotoni, litang'oka lenyewe." Litang'oka, ndiyo, ila lini? Meno ya mbele huanza kutoka mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Magego ya utotoni, ambayo ni manane, mawili kila upande juu na chini, hukaa mpaka mtoto awe na miaka 9 hadi 12. Gego lililooza kwa mtoto wa miaka 4 bado lina miaka mitano au zaidi ya kutafuna, na muda wote huo linashikilia nafasi ya jino la kudumu linalojengwa chini yake. Usaha ukikaa hapo chini kwa miezi, unaweza kuliharibu jino hilo changa, likaota na doa la kahawia au likiwa na gamba lililopungua.

Kosa lingine ni kulichukua gego la kudumu kuwa la utotoni. Mtoto akikaribia miaka 6, gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo wazazi wengi hawana habari nalo. Hesabu kutoka katikati ya kinywa kwenda nyuma: meno ya utotoni ni matano kila upande. Ukikuta la sita, hilo ni la maisha. Likiwa na tundu, usingoje hata wiki.

Kwa nini jicho halitoshi

Gamba la nje la gego la utotoni ni jembamba, karibu nusu ya unene wa gamba la jino la mtu mzima, na kiini chake, yaani ile sehemu yenye neva na mishipa ya damu, ni kikubwa kikilinganishwa na jino lenyewe. Safari ya uozo kutoka nje hadi kwenye neva ni fupi. Isitoshe, magego mawili ya utotoni hukutana kwa ubavu mpana, na uozo hupenda kuanzia hapo hapo katikati, chini ya pale yanapogusana. Juu unaona jino zima, ndani limeliwa. Ukingo wa juu unapokuja kubomoka mtoto akitafuna mhogo au muwa, mara nyingi uozo umeshakaribia kiini, au umeshafika.

Hata hivyo, picha haitangulii kila kitu. Inatanguliwa na maelezo yako, na mzazi anayejua kueleza anamsaidia daktari kuliko mashine. Angalia mambo haya kabla hujaenda. Je, maumivu huja mtoto anapokula kitu kitamu au baridi na kuisha mara moja? Au huanza yenyewe, yakamwamsha usiku? Je, amewahi kuvimba shavu? Je, kuna kijipu kwenye fizi karibu na jino, kinachotoa usaha na kupotea kisha kikarudi? Je, anatafuna upande mmoja? Amekunywa dawa gani, kwa siku ngapi? Maumivu yanayokuja na chakula na kuondoka nacho mara nyingi humaanisha kiini bado kina uhai. Maumivu ya usiku yanayojianzishia yenyewe, au kijipu cha fizi, huashiria kwamba kiini kimeharibika bila kurudi. Eksirei haiwezi kukuambia kama neva iko hai. Inaonyesha sehemu ngumu za jino na mfupa tu. Kwa hiyo picha nzuri isiyo na maelezo ya mzazi ni nusu ya habari.

Mweleze pia daktari magonjwa mengine ya mtoto, hasa ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao, selimundu, au kutokwa damu isiyokata upesi. Kwa mtoto mwenye ugonjwa fulani wa moyo au kinga dhaifu, jino lenye kiini kilichooza ambalo kwa mwenzake lingehifadhiwa, kwake huenda likawa salama zaidi likitolewa.

Kuna nyakati za kutosubiri picha. Mtoto mwenye homa na uvimbe unaopanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, anayeshindwa kumeza, kupanua kinywa au kupumua vizuri, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na usidanganyike na dawa za duka. Antibaiotiki huweza kupunguza uvimbe, lakini hazitoi kilichooza ndani ya jino. Dozi ikiisha, uvimbe hurudi. Kwa upande mwingine, gego linalotikisika kwa sababu mwenzake wa kudumu yuko mlangoni halihitaji picha ili litolewe. Picha ipigwe pale ambapo jibu lake litabadilisha kitakachofanywa.

Picha gani, na mionzi kiasi gani

Zipo aina tatu utakazosikia. Ya kwanza ni picha ya kung'ata: mtoto anang'ata kibawa kidogo, na picha inaonyesha vichwa vya magego ya juu na ya chini kwa pamoja. Ndiyo bora kwa kutafuta uozo uliojificha katikati ya meno. Ya pili ni picha ya mzizi, inayoonyesha jino moja au mawili kuanzia juu hadi chini ya ncha za mizizi, pamoja na jino la kudumu linalojengwa chini. Kwa gego lililooza vibaya, hii ndiyo inayohitajika mara nyingi, ingawa kwa baadhi ya watoto wadogo picha ya kung'ata iliyopigwa vizuri hufika chini vya kutosha. Ya tatu ni picha ya taya zima, ambapo mashine huzunguka kichwa. Inafaa kwa kujua kama meno ya kudumu yapo na yamekaaje, na kwa mtoto asiyevumilia kitu mdomoni; lakini mtoto lazima asimame tuli kwa sekunde kadhaa, na kwa uozo wa katikati ya meno haioni vizuri kama ile ya kung'ata. Eksirei ya pande tatu isipigwe kwa ajili ya tundu la kawaida la gego la utotoni. Mionzi yake ni mingi bila faida ya ziada.

Kuhusu mionzi, hofu ya mzazi ni ya haki na inastahili kujibiwa kwa takwimu. Kila binadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Picha moja ndogo ya meno kwa mashine ya kisasa kwa kawaida haizidi milisivati 0.01, yaani mionzi ya asili ya siku moja au mbili, na mara nyingi ni chini ya hapo. Mwaka 1896, wiki chache baada ya Wilhelm Röntgen kutangaza ugunduzi wake, daktari wa meno Mjerumani Otto Walkhoff alipiga picha ya meno yake mwenyewe, ikambidi akae mbele ya mionzi dakika 25. Leo ni sehemu ndogo ya sekunde.

Udogo huo haumaanishi picha zipigwe ovyo. Mtoto yuko katika kukua, na ana maisha marefu mbele. Mtoto mwenye uozo mwingi na magego yaliyobanana anaweza kuhitaji picha za kung'ata kila baada ya miezi 6 hadi 12. Asiye na uozo, kila miezi 12 hadi 24. Kama meno yake yana mianya na daktari anaona pande zote kwa macho, picha haina haja. Kinachopunguza mionzi kuliko yote ni kutorudia picha na kuwa na mashine yenye mdomo wa pembe nne unaobana mwale ulingane na filamu. Kuhusu aproni ya risasi, Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa pendekezo mwaka 2024 kwamba haihitajiki tena kwa picha za meno, kwa kuwa vifaa vya sasa hubana mwale vya kutosha. Mtoto akivalishwa hiyo aproni, hakuna ubaya; ila isifunike eneo la picha, maana picha itarudiwa. Nchini Tanzania mashine za mionzi hukaguliwa na kupewa leseni na Tume ya Nguvu za Atomiki, nawe una haki ya kuuliza kama mashine ya kliniki hiyo imepitia huko.

Kumwandaa mtoto

Picha nyingi za watoto huharibika kwa sababu mtoto alikurupuka. Mzoeshe nyumbani siku moja kabla: ang'ate mpini wa kijiko safi upande wa magego, midomo ikiwa imefungwa, apumue kwa pua huku ukihesabu mpaka kumi. Mwambie ni kamera ya meno, haina sindano. Usimwambie "haiumi", kwa maana pembe ya filamu inaweza kumchoma kidogo chini ya ulimi, akakuona umemdanganya, na kazi ikaishia hapo. Mwambie itambana kidogo, mara moja.

Kliniki, omba filamu au kihisio cha ukubwa wa mtoto. Kile cha watu wazima hakiwezi kukaa kwenye taya la mtoto wa miaka minne bila kumuumiza. Waanze na upande ulio rahisi. Mtoto mwenye kichefuchefu husaidika akiinua mguu mmoja juu na kuuangalia, au akiwekewa chumvi kidogo kwenye ncha ya ulimi. Mdogo sana akae mapajani mwako, wewe ukimshika kichwa. Lakini ukiwa mjamzito, mwombe baba, shangazi au mlezi mwingine akushikie zamu. Akikataa kabisa, asikabwe. Daktari anaweza kuanza na matibabu ya kutuliza na kupanga picha siku nyingine.

Kuisoma picha

Ukionyeshwa picha, usiishie kutikisa kichwa. Vitu vigumu hutokea vyeupe, vilaini hutokea vyeusi. Gamba la jino ni jeupe kuliko yote. Sehemu ya ndani yake, dentini, ni kijivu. Kiini ni cheusi, kikiwa na pembe mbili au tatu zinazochomoza juu. Uozo ni kivuli cheusi kinacholipasua lile jeupe na kuingia kwenye kijivu. Swali la kwanza: kati ya kivuli cha uozo na pembe ya kiini, umebaki ukanda wa kijivu? Kumbuka kwamba uozo halisi huwa umekwenda mbele kidogo kuliko picha inavyoonyesha, kwa kuwa jino lazima lipoteze madini mengi kabla kivuli hakijaonekana. Ukanda mwembamba kama uzi usihesabiwe kuwa salama.

Swali la pili ndilo lenye uzito zaidi, na ndilo linalosahauliwa. Shusha macho mpaka pale mizizi inapoachana. Pale ni kama njia panda, na hapa nitapaita panda ya mizizi. Kwa mtu mzima, maambukizi ya kiini hutokea kwenye ncha ya mzizi. Kwa gego la utotoni, sakafu ya kiini ni nyembamba na ina vijitundu, hivyo usaha hupenyeza hapo na kuanza kula mfupa wa kwenye panda. Mfupa mzima huonekana kama wavu wa kijivu. Ukiona mahali pa wavu pamekuwa peusi tupu, kiini kimekufa, hata kama mtoto hana maumivu. Picha iliyokata panda ikaonyesha vichwa vya meno tu haitoshi kuamua hatima ya gego lililooza vibaya.

Swali la tatu: mizizi imebaki mirefu kiasi gani? Mizizi ya utotoni huliwa kwa kawaida jino la kudumu linapopanda, hivyo mzizi mfupi kwa mtoto wa miaka 10 ni jambo jema. Mzizi mmoja ulioliwa kwa mtoto wa miaka 5, wakati mwenzake wa upande wa pili ni mzima, ni ugonjwa.

Swali la nne: jino la kudumu lipo? Linatakiwa kuonekana katikati ya mizizi, limezungukwa na ukanda mweusi mwembamba, na nje ya ukanda huo mstari mweupe. Huo mweusi ni kifuko chake cha kukulia, usiuogope. Ila mstari mweupe ukivunjika upande wa juu, na weusi wa panda ukaungana na kifuko, maambukizi yamelifikia jino changa. Na ikiwa hakuna jino kabisa chini ya gego la pili la chini, habari hiyo hubadilisha hesabu yote, maana gego la utotoni laweza kutunzwa miaka mingi zaidi. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, jino hilo huenda halijaanza kuonekana tu, msihukumu mapema.

Magego ya juu ni magumu kusoma. Mzizi wa tatu, ulio upande wa kaakaa, hupita mbele ya panda na kuifunika, na jino changa hukaa hapo hapo. Daktari akisita kwenye picha ya juu, ni uangalifu huo, wala si kutojua kazi. Dawa ni kulinganisha na upande wa pili.

Chukua mtoto wa miaka sita, chini kushoto. Madaktari huyaita magego hayo 74 na 75. Lile 75 limetoboka juu, tundu pana lenye mabaki ya chakula, na mama anasema, "Daktari, hili la nyuma ndilo linalomsumbua, litoe tu." Lile 74 lina ufa mdogo ubavuni, huwezi kuugundua mpaka ulikaushe jino. Picha inapotoka, 75 lina uozo mpana lakini juu ya kiini kuna ukanda wa kijivu ulio wazi, na wavu wa mfupa kwenye panda umetulia. Kwenye 74, kivuli kimeingia mpaka pembe ya kiini, panda ni nyeusi, na mstari mweupe juu ya jino changa umekatika. Jino baya kwa macho linaokolewa. Lililoonekana zuri ndilo linalotolewa. Bila picha, mtoto huyu angepoteza gego lisilo na kosa na kubaki na lenye usaha.

Kutoka picha hadi matibabu

Uozo ukiwa na ukanda wa kutosha na panda safi, jino huzibwa au huvalishwa kofia ya chuma, ambayo madaktari huiita krauni. Kuna njia iliyopewa jina la daktari wa Uskoti, Norna Hall, ambapo kofia hubandikwa kwa gundi juu ya uozo bila kuchimba na bila sindano ya ganzi. Uozo uliofungiwa humo hukosa chakula na kusimama. Njia hiyo hutegemea picha, kwa sababu kuufungia uozo juu ya kiini kilichokwisha kufa ni kumfungia mtoto jipu. Dawa ya fedha na floridi inayopakwa kusimamisha uozo, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, nayo ni kwa jino lenye kiini hai. Italigeuza tundu kuwa jeusi, uambiwe kabla.

Uozo ukigusa kiini cha jino lisilouma lenyewe na panda ikiwa safi, daktari anaweza kuondoa sehemu ya juu ya kiini, kuweka dawa, na kufunika kwa kofia. Kiini kikiwa kimekufa lakini mizizi imara, mizizi husafishwa na kujazwa; ujazo huo uwe wa aina inayoyeyuka pamoja na mizizi, wala si ile ya mpira inayotumika kwa watu wazima, ili jino la kudumu lipate njia. Panda ikiwa imeliwa sana, mizizi imekatika au maambukizi yamefika kwenye jino changa, ling'olewe. Kulibakiza kwa huruma ni kumwumiza mtoto.

Likiamuliwa kung'olewa, usiinuke kitini bila kuuliza habari ya nafasi. Gego la pili la utotoni likitoka kabla gego la kudumu la miaka sita halijaota, hilo la kudumu husogea mbele na kuifunga njia ya jino linalofuata. Kuna kifaa kidogo cha waya cha kushikilia nafasi. Kwa yule mtoto wetu, kinaweza kushikizwa kwenye lile 75 lililookolewa.

Omba namba ya jino iandikwe kwenye cheti: 54, 55, 64 na 65 ni magego ya utotoni ya juu, 74, 75, 84 na 85 ni ya chini. Omba pia nakala ya picha, au nakala ya dijitali kwenye simu, yenye jina na tarehe. Ukipewa rufaa kwenda hospitali kubwa, nakala hiyo ndiyo itakayomwepusha mtoto na mionzi ya pili.

Jino lililotibiwa kiini lipigwe picha tena baada ya miezi 6 hadi 12, na daktari atazame panda ile ile. Tafadhali mrudishe mtoto siku hiyo hata kama anacheza na kula vizuri: gego la utotoni lenye kiini kilichokufa linaweza kukaa miezi mingi likila mfupa bila mtoto kusema linauma.